Moshi wa Mji wa Moshi

Alfajiri za Julai, waumini watokapo misikitini Majengo na Njoro, Mlima Kilimanjaro huwa umejificha, na si mawingu pekee yaufichao. Chini yake hutanda utando wa kijivu wenye harufu ya kuni na plastiki iliyoungua. Usiku hewa baridi huteremka kutoka Kibosho na Uru, ikatulia juu ya mji, na kilichochomwa jana hubaki humo hadi jua lipande.

Wengi wetu tumezoea kuyalaumu malori. Ni kweli kwamba malori ya dizeli yaendayo Himo hayana udhuru, wala vumbi la kiangazi. Lakini chembe za kuogopwa zaidi ni zile zisizoonekana, zenye upana usiozidi maikromita 2.5, unywele mmoja huzizidi kwa upana mara 30 hivi. Vumbi kubwa hunaswa puani. Hizi hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyingine huingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri wastani wa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa.

Chimbuko kubwa la chembe hizo limo majumbani mwetu. Mama huinamia mafiga akipika mtori, mwana mgongoni, mlango umefungwa kwa baridi ya mlimani, na dari limekuwa jeusi kwa masizi. Masizi yale yale yamo vifuani mwao. Shirika hilo lilikadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mkaa tunauamini kwa kuwa haufuki sana, ilhali hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kulala na jiko la mkaa chumbani ili kupata joto ni kuyaalika mauti. Hata udi wetu wa Ijumaa huacha chembe. Hatusemi uachwe; dirisha na lifunguliwe.

Taka zichomwazo uani nazo hazimwulizi jirani. Majani ya miwa huchomwa tambarare kabla ya mavuno, na Oktoba 2020 moto uliunguza uoto wa mlima wenyewe kwa siku kadhaa. Hayo huja na kupita. Jiko huwashwa kila siku.

Serikali iliziagiza taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 kwa siku kuacha kuni na mkaa ifikapo 31 Januari 2024, na madrasa kubwa za bweni zimo. Mkakati wa taifa uliozinduliwa mwaka huo unataka asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034.

Tuseme wazi jambo moja: aghalabu baba ndiye aamuaye ni nishati gani inunuliwe, na mama na watoto ndio wauvutao moshi wake. Si kila baba ni bahili. Katika nyumba nyingi mtungi mdogo wa gesi umo, umesimama pembeni, mtupu. Mkaa hupimwa kwa kopo, kwa fedha iliyopatikana siku hiyo. Mtungi hudai bei yake yote kwa mkupuo.