Somo la Redio kwa Watu Wazima: Picha Inayolinda Kioo cha Televisheni

MTANGAZAJI: Leo mtahitaji karatasi na kalamu ya risasi. Walio katika vikundi, mwandishi wenu na akae karibu na taa. Mwalimu, karibu.

MWALIMU: Ahsante. Ndugu wanafunzi, leo nataka kuwaeleza juu ya kitu ambacho wengi wenu mmekiona, wala hamkukipa jina.

Kumbukeni siku zile za deki za DVD, ambazo zilianza kuuzwa Japani mwaka 1996 na Marekani mwaka 1997, kisha zikaenea hata kwetu, majumbani na katika vibanda vya video. Filamu imesimamishwa; mwenye deki ametoka kidogo. Baada ya dakika chache picha yaondoka na kioo chawa cheusi. Kisha alama ndogo yenye herufi tatu, DVD, yaanza kutembea mshazari. Yagonga ukingo, yarudi. Yagonga mwingine, yarudi tena. Katika deki nyingi, kila igongapo hubadili rangi.

Swali la kwanza: alama ile iliwekwa kwa kazi gani? Si kwa pambo. Iliwekwa kukilinda kioo.

Zile televisheni za zamani, ambazo watu huziita za chogo, zina bomba kubwa la kioo. Elektroni hurushwa kutoka nyuma ya bomba, zikafika mbele na kugonga utando wa unga maalumu, nao unga hung'aa. Lakini unga huo huchakaa kwa kutumika, kama suruali ichakaavyo pale unapokalia. Picha zikibadilika-badilika, uchakavu huenea sawasawa na jicho halioni. Picha moja yenye mwanga mkali ikiachwa mahali pamoja kwa saa nyingi, siku baada ya siku, unga wa hapo huchoka kuliko wa jirani. Hapo kioo hubaki na kivuli kisichofutika, nacho huonekana katika kila filamu. Kwa mtu aliyeweka akiba miezi mingi ili anunue televisheni, hiyo si hasara ndogo.

Wenye kompyuta waliijua taabu hii mapema. Mwaka 1983 Mmarekani John Socha alichapisha programu iliyokizima kioo cha kompyuta kama mtu hakugusa kitu kwa dakika 3. Baadaye wengine wakaona kwamba badala ya giza tupu, yafaa kuweka picha inayotembea, isiyokaa mahali pamoja. Alama ya DVD ni ya ukoo huo.

Swali la pili: kwa nini watu waliipenda? Kwa sababu ya pembe. Kila aliyeitazama alijiuliza: je, itaingia pembeni barabara, igonge kingo mbili kwa mara moja? Mara nyingi hukosa kidogo tu.

Sasa shikeni kalamu. Choreni mstatili wa miraba 5 kwa upana na 3 kwa kimo. Katika mstari wa chini, acheni pembe ya kushoto, mwanzie nukta inayofuata. Kwa kila hatua nendeni mraba mmoja kulia na mmoja juu; mkigonga ukingo, geukeni.

(Kimya kidogo)

Katika hatua ya 9 mmefika pembe ya juu, upande wa kushoto. Vema. Sasa choreni mstatili wa miraba 4 kwa 2, mwanzie nukta ile ile. Katika hatua ya 8 mtajikuta pale mlipoanzia, bila kugusa pembe hata moja. Na mkiendelea mpaka kesho, njia ni ile ile. Siri ni hii: 4 na 2 zote hugawanyika kwa 2, lakini 5 na 3 hazina namba inayozigawa zote ila 1. Basi, kufika pembeni si bahati. Ni hesabu ya ukubwa wa kioo, ukiondoa ukubwa wa alama, pamoja na mahali ilipoanzia. Wako waliongoja pembe ambayo isingefikiwa kamwe.

Mwaka 2007 mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao The Office ulilionyesha jambo hili. Mkubwa wa ofisi asema mkutanoni, na wafanyakazi wamekaza macho kwenye alama ile. Inapoingia pembeni, wanashangilia. Watazamaji wengi walicheka kwa kuwa walijiona wenyewe.

Siku hizi deki zimepungua, lakini picha za kungojea zingalipo. Kampuni ya Marekani iitwayo Roku, inayotengeneza vifaa vya kuonea filamu kwa intaneti, ina mji wa rangi ya zambarau unaopita polepole kiooni, wenye vitu vya kukumbusha filamu mashuhuri. Watu waliupenda mji huo, wakautungia utani. Kampuni ikauza nafasi za matangazo humo, na mwaka 2023 mkahawa wa McDonald's ukaonekana mjini.

Tazameni safari hiyo. Picha ya kwanza ililinda mali ya mwenye kioo, wala haikumwomba kitu. Hii ya pili humtazama yeye anayengoja, ikapima macho yake yana thamani gani. Wakati wa kungoja ulikuwa wetu; wafanyabiashara wametambua kwamba nao waweza kuuzwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini picha isiyotembea huweza kuharibu kioo?

2. Jaribuni mstatili wa miraba 6 kwa 4, kisha 7 kwa 4, mkianzia nukta ile ile. Upi utawafikisha pembeni?

3. Ni nani anayefaidika na picha mnayoonyeshwa mkiwa mnangoja?

Kwaherini, mpaka juma lijalo.