Volti Zinazopotea Njiani

Anayetafuta saluni ya kifahari ya dizeli iliyokwisha kutumika, iwe Mercedes E-Class, BMW ya 5 Series au Audi A6, hupewa onyo moja kila anakopita: injini itadumu, lakini umeme utakufilisi. Onyo hilo lina ukweli ndani yake. Ndilo linaloshusha bei hadi mtu wa kipato cha kawaida anamudu gari ambalo zamani lilikuwa la wale tuliowaita Wabenzi. Tatizo ni kwamba limeelekezwa pasipo pake. Wengi huamini kwamba kompyuta za gari ndizo zinazokufa, na kwamba kadiri gari linavyokuwa na kontroli boksi nyingi ndivyo linavyozidi kuwa mzigo. Ushahidi unaonyesha jambo jingine. Kinachochakaa kwanza ni njia ya umeme: betri, ethi, soketi na nyaya. Kompyuta hubebeshwa lawama kwa sababu yenyewe ndiyo inayopiga kelele.

Tuanze na sekunde za kuwasha, maana hapo ndipo dizeli inapoachana na petroli. Dizeli haina cheche. Mafuta huwaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Kwenye Mercedes 300D za zamani hewa hubanwa zaidi ya mara 20, na kwenye injini za CDI zilizofuata takriban mara 18, ilhali petroli za rika hilo zilibana mara 10 hivi. Kuzungusha mzigo huo kunataka stata yenye misuli, nayo huvuta mamia ya ampea kwa mpigo. Kabla ya hapo hita plagi nazo zimeshakula sehemu yao, kila moja ikivuta ampea 10 na zaidi kwa sekunde kadhaa. Sasa itazame ethi, ule mkanda wa shaba unaotoka kwenye betri na kufungwa kwa nati kwenye bodi. Chini ya nati pameota ukungu wa kijani, rangi imevimba, chuma kimeanza kuliwa. Tuseme ukinzani wa kiungio hicho ni sehemu 5 tu za elfu moja za omu, kiasi ambacho multimita ya kawaida haiwezi kukipima. Stata ikivuta ampea 300, volti 1.5 zinapotelea hapo hapo. Betri iliyolala na volti 12.6, ambayo kwa mzigo huo hushuka yenyewe hadi 10 na ushei, inabaki kuzifikishia kompyuta volti 9 au pungufu, na hizo kompyuta zinahitaji volti tulivu wakati ule ule.

Katika dizeli za zamani upungufu huo ungesikika tu kama stata nzito. Pampu ilisukuma mafuta kwa gia na chemchemi, na injini iliweza kuzunguka siku nzima bila kumtegemea mtu wa umeme. Mambo yalibadilika 1997, pale mfumo wa reli moja ya mafuta yenye shinikizo kubwa ulipoingia kwenye magari madogo, kwanza katika Alfa Romeo 156, na mwaka huo huo katika Mercedes C 220 CDI. Tangu hapo kompyuta ndiyo inayofungua nozeli, na haifungui mpaka ipate ishara ya sensa ya krenki na ione shinikizo la reli limefika mamia ya bar. Juu ya hilo, kontroli boksi zinaongea kwa mtandao wa CAN, ambao Bosch waliutambulisha 1986. Moja ikizimika nusu sekunde kwa kukosa volti, nyingine zote zinaandika kwamba mwenzao hajibu. Dashibodi inawaka taa ya ABS, ya mifuko ya hewa, ya gia. Mwenye gari anaona magonjwa matano, kumbe ni nati moja ya ethi.

Njia ya umeme ina adui wengine wawili, mafuta na maji, na kila mmoja ana ujanja wake. Chukua gia otomatiki ya spidi tano ambayo Mercedes iliianza katikati ya miaka ya 1990 na kuitumia katika E-Class nyingi za dizeli. Nyaya zake huingia kwenye gia boksi kupitia soketi ya plastiki yenye pini 13, iliyozibwa kwa mipira midogo ya duara. Joto la miaka hukausha ile mipira, na mafuta ya gia huanza kutoa jasho. Hayadondoki chini, ambako fundi angeyaona. Yanaingia katikati ya nyuzi za shaba, kisha yanapanda ndani ya waya kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa kibatari, mpaka yafike kwenye kontroli boksi ya gia na kuzilowesha pini zake. Gari linakwama gia ya pili, linakataa kubadilisha, na mwenyewe anaambiwa anunue kontroli boksi. Kilichoharibika mwanzo ni soketi ya bei ndogo, na mara nyingi kuibadilisha na kusafisha pini vizuri kunatosha.

Maji nayo huanzia juu. Kwenye Audi A6 iliyoanza 1997, chini ya kioo cha mbele kuna bonde ambalo betri imekaa, lenye matundu ya kutolea maji ya mvua. Majani yakiziba matundu hayo, bonde linageuka beseni na maji yanapita kuingia ndani ya gari, ambako kontroli boksi ya gia imewekwa sakafuni chini ya zulia. Anayeegesha chini ya mkwaju au mwarobaini, miti yenye vijani vidogo vinavyopenya popote, ajue kazi yake ya kila mwezi ni kufungua boneti na kuchokoa yale matundu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe hapa ni wa bei ya Ulaya. Kwa magari yaliyotoka Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, kisha yakaja kuishi Mombasa, Unguja au Dar es Salaam kwenye upepo wa bahari, viungio vya ethi ndivyo vya kukaguliwa kabla hata ya kupima mafuta ya injini.

Watengenezaji wenyewe waliacha ushahidi. Machi 2005 DaimlerChrysler ilitangaza kuyarudisha gereji magari milioni 1.3 ya Mercedes. Zaidi ya breki, kazi iliyoorodheshwa ilikuwa kukagua regulata za alteneta kwenye baadhi ya injini za petroli, na kurekebisha programu ya kifaa kinachosimamia betri kwenye E-Class na CLS. Kwa maneno mengine, tatizo lilikuwa jikoni, kwenye kupika na kugawa volti. Miaka kumi nyuma kiwanda hicho hicho kilikuwa kimetumia, kati ya 1992 na 1995 hivi, nyaya za injini ambazo ganda lake lilipukutika kama biskuti kavu kwa joto la boneti, hasa kwenye injini za petroli. Kontroli boksi zilizokuwa mwisho wa nyaya hizo zilikuwa nzima mpaka shoti zilipozifikia.

Fundi atanijibu kwamba mashine yake imesoma na imetaja kifaa kilichokufa kwa jina. Namheshimu fundi na mashine yake, lakini msimbo wa hitilafu ni ushuhuda wa kompyuta kuhusu ilichokiona. Ikiandika kwamba sensa fulani haijibu, haijasema kama sensa imekufa, waya umekatika au volti hazikufika. Aanze na volti, afute misimbo, aendeshe, asome tena. Kilichorudi baada ya hapo ndicho cha kuchunguza.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: zipo kompyuta zinazokufa kweli. Breki za umeme za SBC, zilizofungwa kwenye E-Class tangu 2002 na kuondolewa 2006, zina kifaa kinachohesabu kila breki inapokanyagwa, na hesabu ikitimia gari hudai kibadilishwe hata kama bado kinafanya kazi. Hilo halitibiwi kwa kusugua ethi, na mnunuzi ana haki ya kulikimbia; akitaka umbo hilo, atafute lililotengenezwa baada ya SBC kuondolewa 2006. Kenya, ambako gari lililozidi miaka minane haliruhusiwi kuingizwa, yaliyopo yamezeekea humo humo mikononi mwa wenyeji. Tanzania bado yanaweza kuingia kwa ushuru wa ziada wa umri. Popote pale, swali la SBC liulizwe mwanzo.

Wapo wanaosema dawa ni kurudi nyuma kabisa, kwenye W123 iliyotengenezwa kati ya 1975 na 1986. Wanataja hata ile 240D ya umbo lililoitangulia, W115, ya dereva teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, iliyofika kilomita milioni 4.6 kabla ya kupelekwa makumbusho ya Mercedes mwaka 2004. Gari moja lililotunzwa hivyo linatuambia zaidi habari za mtunzaji. Na W123 nayo ina umeme wake: fyuzi za ukanda wa alumini huota kutu kwenye ncha, taa zikafifia, mpaka mtu azizungushe kwa kidole, na kwenye dizeli za matoleo ya mwanzo hita plagi zimeungwa kwa mfuatano, moja ikikatika zote zinalala. Ni hadithi ile ile ya viungio, ila hakuna kompyuta ya kuisimulia.

Kwa hiyo siku ya kununua, multimita itangulie. Sisitiza ulikute gari limelala usiku kucha na injini ikiwa baridi, kwa sababu dizeli iliyopashwa moto huwaka bila hita plagi, na kwenye joto la Dar es Salaam hata ya baridi inaweza kuwaka bila hizo, ikaja kukuaibisha alfajiri ya kwanza ukiwa Njombe au Limuru. Betri iliyopumzika isome karibu 12.6. Mwenzako akiwasha, isishuke chini ya 9.6. Kisha weka ncha moja ya mita kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, awashe tena: ukiona zaidi ya nusu volti, umeshaipata ethi mbovu. Injini ikizunguka, isome kati ya 13.8 na 14.5. Mwisho inua zulia la mbele na la buti, ukandamize kiganja kwenye sponji ya chini. Mkono ukitoka na unyevu, mrudishie muuzaji ufunguo.