Nukta Moja ni Nini?

Chukua karatasi ya grafu yenye kimo cha sentimita 10, uchore rekodi ya dunia ya kumaliza Super Mario Bros., gemu ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1985. Wanaoongoza katika kushindana kuimaliza haraka sasa wanatumia sekunde zisizofika 295. Anza mhimili wa wima kwenye sifuri, kama wengi wetu tulivyofundishwa shuleni. Mtu akipunguza theluthi moja ya sekunde, mstari wako utashuka kwa moja ya kumi ya milimita tu. Ncha ya penseli ni nene kuliko hapo. Miaka ya watu kukesha na pedi mkononi inapotelea ndani ya unene wa mstari.

Kazi yangu ni kuchora takwimu na kuwafundisha wengine kuzisoma. Kila mwaka picha zinazonikaa rohoni huwa zinatoka kwa wachezaji wa gemu, watu wanaokusanya namba usiku baada ya shughuli zao, bila malipo, kwa kuwa wana hamu ya kujua. Wanachora vizuri kwa sababu wanakifahamu wanachokihesabu. Na mbele ya kila picha ya aina hiyo huwa naanza na swali moja: nukta moja ni nini?

Kwenye grafu ya Mario jibu linaridhisha sana. Nukta moja ni mtu mmoja, jaribio moja, siku moja, na video ya kulithibitisha. Sifuri inaondolewa kwenye mhimili, na ni halali kuiondoa. Grafu ya nguzo lazima isimame juu ya sifuri, maana jicho linapima nguzo nzima kuanzia chini hadi juu. Mstari husomwa kwa kupanda na kushuka kwake, kwa hiyo unaweza kuanzia pale penye habari.

Baada ya hapo unabaki uamuzi wa kuunganisha nukta, na hapa ndipo wachoraji wengi huteleza. Programu nyingi za kompyuta, ukizipa nukta mbili, zinavuta mstari wa mshazari kutoka moja kwenda nyingine. Mshazari huo unadai kwamba kati ya, tuseme, rekodi ya Machi na ile ya Agosti muda ulikuwa ukishuka kidogo kidogo kila siku. Haukushuka. Rekodi ya Machi ilikaa palepale hadi siku mtu alipoivunja. Kwa hiyo wachezaji wanaochora kwa uangalifu huuacha mstari uende mlalo, kisha uanguke wima, kisha uende mlalo tena. Picha inakuwa ngazi. Sehemu ndefu za mlalo ndizo nizipendazo, kwani zinakuonyesha kipindi ambacho watu walijaribu maelfu ya mara bila kuambulia kitu.

Ukiisogelea ngazi hiyo ya Mario kwa karibu, unakuta vipandio vyake vinafuata mpangilio. Vingine ni vikubwa kiasi, vingine ni vidogo kama ukucha, na sababu imo ndani ya mashine yenyewe. Gemu inaonyesha fremu takriban 60 kwa sekunde. Mchezaji akimaliza hatua, gemu haimpeleki mbele papo hapo; ina saa yake inayokagua kila baada ya fremu 21, yaani kama sekunde 0.35, ndipo hatua inayofuata ifunguliwe. Fikiria pantoni ya Kigamboni ingekuwa inaondoka kwa saa maalumu bila kukosea. Ukifika gatini dakika moja kabla au dakika kumi kabla, utavuka na chombo kilekile. Kufika mapema kidogo hakukusaidii lolote mpaka uwahi chombo kilichotangulia.

Wachezaji wa rekodi hii wanapita hatua 8 tu, wakiruka nyingine kwa mabomba ya siri. Katika 7 za kwanza wanafungwa na pantoni hiyo: ama unaokoa fremu 21 zote, ama huokoi kitu. Katika ile ya mwisho, 8-4, hakuna kusubiri, na kila fremu moja inahesabika. Sasa irudie grafu. Kipandio kikubwa ni pantoni iliyowahiwa. Kipandio kidogo ni fremu chache zilizobanwa kwenye hatua ya mwisho. Mtu ambaye hajawahi kufungua msimbo wa gemu hii anaweza kuikuta saa yake ya ndani kwa kutazama tu namna binadamu walivyoshuka ngazi kwa miaka mingi. Aprili 2021 mchezaji ajulikanaye kwa jina la Niftski alikuwa wa kwanza kushuka chini ya dakika 4 na sekunde 55, kwa 4:54.948. Septemba 2023 akafikisha 4:54.631. Tofauti ya namba hizo mbili ni muda wa kupepesa jicho, na ni zaidi ya miaka miwili ya kazi.

Ramani za joto ni habari nyingine. Hizi ni zile picha za uwanja wa mchezo zilizomwagiwa rangi: nyekundu pale wachezaji wanapokufa sana, bluu pale pasipo na hatari. Zilipata umaarufu kwa gemu ya Halo 3 ya mwaka 2007, watengenezaji wake Bungie walipowawezesha wachezaji kuona mahali wanapoua na kuuawa katika kila uwanja. Tangu hapo gemu nyingi za kupigana zimechorwa hivyo. Nyingi zinavutia macho na kusema machache.

Shida ni kigawanyo. Nukta moja ni kifo kimoja, sawa, lakini kifo kati ya wapitao wangapi? Barabara inayopitwa na magari mengi itakuwa na ajali nyingi kuliko njia ya kijijini, na hilo halithibitishi kwamba dereva wa njia kuu yumo hatarini zaidi. Mlango wa katikati ya uwanja unawaka nyekundu kwa sababu kila mtu anapita hapo. Ukigawa vifo kwa idadi ya waliopita, mara nyingi wekundu unahama, unakwenda kujificha kwenye ngazi fulani ya pembeni ambayo hakuna aliyekuwa akiitilia shaka. Rangi nazo zichaguliwe kwa huruma. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, takriban 1 kati ya 12 hatofautishi vizuri nyekundu na kijani, kwa hiyo ramani iliyosimama juu ya rangi hizo mbili imewafungia watu mlango.

Hata hivyo, ipo ramani moja ya vifo ninayoirudia kila mara. Jim Blackhurst alichukua vifo zaidi ya milioni 11 vya wachezaji wa Just Cause 2, gemu ya mwaka 2010 inayochezwa kwenye visiwa vya kubuni vya Panau, akaweka kila kifo kama nukta katika nafasi ya pande tatu. Hakuchora ardhi, wala bahari, wala jengo. Giza tupu na nukta. Ukitazama, milima inajitokeza kwa sababu watu waliigonga, na barabara zinajinyoosha kwa sababu watu walipinduka juu yake. Majengo marefu yanasimama yakiwa yametengenezwa na wale waliodondoka. Hapa kigawanyo hakihitajiki, maana swali lenyewe ni jingine: je, vifo peke yake vinatosha kutuambia umbo la nchi? Vinatosha.

Lakini picha inayosambaa kuliko zote ni mawimbi ya idadi ya wachezaji waliomo ndani ya gemu kwa wakati mmoja kwenye Steam, duka kubwa la gemu za kompyuta. Januari 2018 wimbi la gemu ya PUBG lilipita milioni 3.2. Agosti 2024 Black Myth: Wukong, gemu iliyotengenezwa China, ilipita milioni 2.4 siku chache tu baada ya kutoka. Watu huzishindanisha namba hizi kama mabao. Nukta moja hapa ni kichwa kilichohesabiwa kwa dakika ileile, kama ungepanda juu ya ghorofa Kariakoo saa 6 mchana ukahesabu waliomo mtaani. Waliokuja asubuhi wakaondoka hawamo. Wanaocheza Wukong kwenye PlayStation 5 nao hawamo. Ni kipimo cha msongamano, na ukikisoma kama idadi ya wateja umepotea.

Utamu wake uko kwenye wimbi lenyewe. Kila siku linapanda na kushuka mara moja, kama bamvua na maji mafu yaliyobanwa ndani ya saa 24, na kilele chake kinakuonyesha ni upande gani wa dunia watu wametoka kazini. Grafu hizi huandikwa kwa saa za UTC, na msomaji wetu anahitaji hesabu mbili: ongeza saa 3 upate saa za Afrika Mashariki, kisha uhesabu kwa mtindo wetu. Saa 14:00 ya UTC ni saa 11 jioni Dar es Salaam na Nairobi. Beijing ni saa 4 usiku, watu wamekwisha kula na wamekaa kwenye kompyuta. Ukikuta wimbi linafikia kilele hapo siku baada ya siku, umeshajua wachezaji wengi wanaishi wapi bila kuuliza pasipoti ya mtu.

Na kuna EVE Online, gemu ya angani ya kampuni ya CCP ya Iceland, inayoendelea tangu 2003. Wachezaji wenyewe huunda miungano, hupigana, na kumiliki maeneo ya nyota. Kwa miaka mingi baadhi yao wamechora ramani ya dola hizo wakitumia data ambazo CCP huziacha wazi. Kila muungano una rangi yake, na ukizipanga ramani za siku nyingi kama filamu unaona rangi zikitanuka na kusinyaa kama mafuta juu ya maji. Ni nzuri ajabu. Lakini rangi hiyo huenezwa kwa kanuni ya hesabu kutoka mfumo mmoja wa nyota hadi jirani zake, kwa hiyo ukingo laini unaouona ni kazi ya kanuni. Hakuna askari aliyesimama pale.

Nukta moja kwenye ramani ile ni dai la umiliki, na mwaka 2014 dai lilidumu kwa kulipiwa. Januari 2014, katika mfumo uitwao B-R5RB, malipo ya umiliki hayakulipwa na dai likaanguka. Maadui wakawahi. Vita ya tarehe 27 na 28 ilichukua kama saa 21, ikawavuta wachezaji zaidi ya 7,500, na meli 75 za daraja la Titan, kubwa kuliko zote, zikateketea. Hasara ilikadiriwa kuwa thamani ya zaidi ya dola za Marekani 300,000. Kwenye ramani ya siku ile, yote hayo ni nukta moja iliyobadili rangi.

Kuna jambo ambalo picha hizi zote hazilionyeshi, na nililiona vizuri kwenye daftari la mpwa wangu. Likizo nzima alikuwa akicheza gemu ya mpira na kaka yake, akiandika tofauti ya mabao kila mechi, na mwishowe akachora grafu kwa kalamu. Nikamuuliza swali langu.

"Nukta ni mechi moja, mjomba."

"Na hizi tatu, mbona hujazijaza wino?"

"Hizo umeme ulikatika, mjomba. Nilikuwa naongoza, lakini hatukumaliza. Nikiziacha, itaonekana siku hiyo hatukucheza. Nikizijaza, kaka atasema naiba."

Aliziacha duara tupu, kila moja mahali pake kwenye tarehe yake, na pembeni ya daftari akaandika kwa herufi ndogo: *duara tupu = giza*.