Kusomea Udaktari Ukubwani: Hesabu ya Miaka (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulipitia njia mbili za kuingia kusomea udaktari wa binadamu nchini Tanzania: kidato cha sita kwa mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, na stashahada ya utabibu. Leo nashughulika na swali ambalo mwombaji wa miaka thelathini na kitu hukutana nalo kabla hata hajaonyesha vyeti: je, hajachelewa? Nasema hajachelewa, na hesabu iko upande wake. Shahada ya udaktari ni miaka 5, kisha utarajali wa mwaka 1. Aliyeanza akiwa na miaka 33 atamaliza utarajali akiwa na 39. Kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma ni miaka 60, na tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2018, daktari bingwa anaweza kutumikia hadi 65. Hata akichukua miaka mingine 3 ya ubingwa, bado amebakiwa na miaka 20 hivi ya kutibu. Wanaosema kumsomesha ni hasara huchukulia kwamba kijana anayehitimu na miaka 25 atakaa wodini hadi uzee, na hilo hakuna anayeweza kuliahidi. Wapo wanaokwenda nje, wanaoingia kwenye miradi, wanaoacha tiba kabisa.

Ushahidi mwingine tunao hapahapa nyumbani. Kwa miongo kadhaa hospitali zetu za wilaya ziliwategemea Madaktari Wasaidizi, yaani maafisa tabibu waliofanya kazi kwa miaka kadhaa, kisha wakarudi darasani. Utafiti uliofanyika Mwanza na Kigoma na kuchapishwa mwaka 2009 ulilinganisha upasuaji wao wa dharura za uzazi na ule wa madaktari wenye shahada, na haukukuta tofauti ya maana katika matokeo. Ni kweli watu hao walikwisha kuijua wodi, kwa hiyo siwezi kuutumia mfano wao kumtetea mhasibu au mwalimu kwa kila jambo. Unachobomoa ni ile imani kwamba mtu aliyekwisha kuonja mshahara hawezi tena kufundishika. Wenzetu wengine wamekwenda mbali zaidi. Marekani kwa kawaida humtaka mtu amalize shahada ya kwanza ndipo aombe udaktari. Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, kilianza kudahili wenye shahada mwaka 1996, na St George's ya London ikafungua kozi ya miaka 4 kwa ajili yao mwaka 2000. Kwetu mwalimu wa Historia anayeitaka kazi hii, asipoanza upya na stashahada ya utabibu, lazima arudi kwenye mtihani wa kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, na hapo kinachomkwamisha ni kukosa maabara ya kufanyia mazoezi ya vitendo. Umri wake hauna kosa.

Hoja kwamba kumbukumbu hupungua kwa umri naiheshimu zaidi. Anatomia, fiziolojia na biokemia ni mzigo mzito, na mwenye watoto na wazazi wa kutunza hana usiku mtupu kama wa kijana wa bweni. Lakini angalieni vizuri: anachopungukiwa ni saa, na saa hupatikana kwa fedha. Kozi ni ya kutwa, mazoezi ya wodini hayangoji mtu atoke kazini, hivyo anayeomba bila akiba wala mwenza aliyekubali kubeba nyumba anajitafutia kushindwa. Hilo namwambia bila kumficha.

Ndiyo maana ukomo wa umri wa miaka 35, ambao Bodi ya Mikopo imekuwa ikiuweka katika miongozo yake ya miaka ya karibuni, naona unastahili kujadiliwa upya kwa kozi hii. Utetezi wake unaeleweka: fedha ni chache, na vijana wengi hukosa. Hata hivyo mkopo si zawadi. Mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe. Anayeanza na miaka 37 atamaliza utarajali na 43, akiwa na miaka 17 ya kukatwa kabla ya kustaafu. Bodi ingeweza kupima miaka ya utumishi iliyobaki, na kumfunga mkopaji mtu mzima kwa mkataba wa kufanya kazi katika hospitali ya wilaya yenye upungufu. Wengi wao, wakiwa wamekwisha kuweka makazi na familia mikoani, wangeutia saini mkataba huo kwa urahisi kuliko kijana anayeitazama Dar es Salaam.