Salama, Lakini

Ukipiga hodi nyumba yoyote ya Jambiani au Makunduchi, kusini mwa Unguja, ukauliza habari za hapo, jibu la kwanza ni "Salama, alhamdulillahi." La pili ndilo lenye habari yenyewe: "Lakini mtoto ana homa, leo siku ya tatu." Mgeni huona majibu hayo yanapingana. Kwetu sisi huo ni utaratibu: shukrani hutangulia, shida ikafuata, na hakuna iliyofichwa.

Nililielewa hilo siku niliyofuatana na mama mdogo shambani kwake, baharini. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza huku Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu hapo wanawake hufuata mwandamo wa mwezi: bamvua ikija, maji yakatoka mbali, hushuka na vigingi, kamba na mbegu. Mwani ule mnene, wenye bei nzuri, hauvumilii joto. Siku kadhaa jua lilikuwa limeyachoma maji ya kina kifupi. Mama mdogo aliinama akainua kamba ya kwanza. Matawi yalikuwa yamegeuka meupe. Alipoyagusa yalikatika, yakaelea. Kamba ya pili vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa tupu. Alisimama, maji yamemfika magotini, akasema taratibu, "Alhamdulillahi." Kisha akalia.

Wapo wanaodhani anayemshukuru Mungu katika hasara ameshakata tamaa. Nasema wamekosea. Machozi yake yalikuwa ya kweli, na deni la dukani lilikuwa la kweli. Lakini neno lile lilishuhudia kwamba Aliyempa mavuno yaliyopita hakuondoka ufukweni. Riziki, kwa watu wa pwani, hupita mikononi: leo kwako, kesho kwa mwenzio.

Na huyo mwenzio ndiye ninayempenda zaidi katika desturi hii. Jirani wa shamba la pili, ambaye kamba zake zilisalimika kwenye maji marefu, hakusema mengi. "Pole, shoga. Ndo bahari." Akakata fungu la mbegu, akamtilia kwenye polo. Ndivyo inavyokuwa msibani, vyakula vikaja kutoka majiko ya majirani; ndivyo inavyokuwa siku ya neema, sahani iliyofunikwa kawa ikapita uchochoroni kabla mwenye nyumba hajala.

Alasiri mama mdogo alikaa kivulini akifunga zile mbegu, fundo baada ya fundo, kila kamba akiianza kwa bismillahi. Akapita mzee mmoja akitoka msikitini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Habari za shamba?"

"Salama, alhamdulillahi," akajibu, mikono ikiendelea na kamba. "Lakini mwani umekufa wote."