Mkono wa mkulima ukitetemeka, nani atathibitisha chanzo?

Wasomaji wetu mlioko nyumbani, wengi wenu mnaijua Gramoxone hata kama parakwati, jina la kemikali iliyomo ndani yake, ni geni kwenu. Ni dawa ya magugu inayonyausha majani kwa siku chache tu. Sisi tuliokulia mashambani tuliwaona wapulizaji wakibeba bomba mgongoni, miguu peku, na jioni shati lililolowa dawa likifuliwa na mke pamoja na nguo za watoto.

Dawa hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1962 na kampuni ya Kiingereza ya ICI, na baadaye ikawa mali ya Syngenta yenye makao makuu mjini Basel, Uswisi. Uswisi yenyewe iliipiga marufuku mwaka 1989. Mwaka 2007 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilifuta kibali chake, na miongoni mwa mambo iliyoyalalamikia ni kwamba suala la uhusiano wa dawa hiyo na ugonjwa wa Parkinson lilikuwa limetajwa mara kadhaa, lakini ripoti za Kamisheni hazikuligusa. Pamoja na hayo, kiwanda cha Huddersfield nchini Uingereza kiliendelea kwa miaka kuitengeneza na kuiuza nje. Yaani haikufaa kwa shamba la Mwingereza, ila kwa shamba la mwingine haikuwa na neno!

Parkinson huua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuuongoza mwendo wa mwili. Mkono hutetemeka, hatua hufupika, uso hukakamaa. Shaka juu ya parakwati ilianzia mahali pasipotarajiwa. Mwaka 1982 huko California, vijana waliojidunga heroini bandia waliganda ghafla kama wazee wenye Parkinson. Ndani yake ilikutwa kemikali iitwayo MPTP, ambayo mwilini hugeuka kuwa kitu chenye umbo linalokaribiana sana na la parakwati.

Mwaka 2011 ukatoka utafiti uliofanywa kwa wapulizaji wenye leseni na wenzi wao katika majimbo ya Iowa na North Carolina. Waliotumia parakwati walionekana kuwa na uwezekano wa kupata Parkinson mara mbili na nusu zaidi ya wasioitumia. Na hao ni watu wenye mafunzo. Yule wa miguu peku hakuwamo.

Kampuni inakanusha. Mamlaka ya mazingira ya Marekani nayo ilisema mwaka 2021 kuwa ushahidi hautoshi, ikaruhusu dawa iendelee kwa masharti. Mwaka huo huo Syngenta ilikubali kulipa dola milioni 187.5 kumaliza baadhi ya kesi, bila kukiri kosa.

Ugumu uko hapo. Ugonjwa huu huweza kujitokeza miaka mingi baada ya kazi kwisha, wakati chupa imeshatupwa na mwajiri keshahama. Ufaransa ililiona hilo, na mwaka 2012 ikautambua Parkinson kuwa ugonjwa wa kazi kwa wakulima: aliyefanya kazi na viuatilifu kwa miaka 10 hadaiwi tena kuthibitisha kwamba ndivyo vilivyomdhuru.

Kwetu hata hesabu ya wagonjwa ni taabu. Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, walikuta kwamba wengi wa wenye Parkinson hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari kuwa wanayo. Utafiti huo haukuilaumu dawa yoyote, na sisi hatusemi hivyo. Ila mgonjwa ambaye ugonjwa wake hauna jina, atadai fidia ya nini?

Basi ndugu msomaji, kama baba au mjomba wako alipuliza dawa shambani au kwenye estate, mpigie simu wiki hii. Muulize ni dawa gani, shamba la nani, na kuanzia mwaka gani, kisha uandike kabla hajasahau.