Dawa Isiyojificha: Saikedeliki Mbele ya Mizani ya Sayansi (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza asili ya saikedeliki, yaani dawa ambazo kipimo chake kidogo tu hubadilisha kwa saa kadhaa namna mtu anavyoona, anavyosikia, anavyohisi mwendo wa wakati na anavyojitambua yeye mwenyewe, bila kumlaza usingizi. Ilielezwa kwamba LSD ilitengenezwa mwaka 1938 na Albert Hofmann, mkemia wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, Uswisi, alipokuwa akichunguza ergoti, kuvu inayoshambulia masuke ya nafaka iitwayo rai, na kwamba nguvu yake juu ya akili haikujulikana mpaka Aprili 1943, pale Hofmann alipomeza kwa makusudi robo ya miligramu na kurudi nyumbani kwa baiskeli huku kila alichokitazama kikimgeukia. Kuvu hiyohiyo ndiyo asili ya ergometrini, dawa ambayo wakunga wa Afrika Mashariki wameijua kwa miaka mingi kwa kuzuia mzazi asitokwe na damu nyingi baada ya kujifungua. Ilielezwa pia kuwa silosibini, iliyomo ndani ya uyoga uliotumiwa na waganga wa Kimazateko katika milima ya Oaxaca nchini Mexico, ilitengwa na Hofmann huyohuyo mwaka 1958, miaka mitatu baada ya mganga María Sabina kumruhusu Mmarekani R. Gordon Wasson kuhudhuria mkesha wake wa tiba.

Swali la sehemu hii ni kwa nini utafiti ulioanza kwa matumaini makubwa ulizimika, na kwa nini, baada ya kufufuliwa, bado haujatoa jibu linalowaridhisha wote wenye dhamana ya kuidhinisha dawa. Jibu lililozoeleka ni kwamba siasa ndiyo iliyouzima: vijana wa Marekani walianza kutumia LSD mitaani, serikali ikaingiwa na hofu, na sheria ikafunga milango ya maabara. Jibu hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu ya ukweli. Nusu ya pili imo ndani ya sayansi yenyewe, kwa kuwa saikedeliki zilifika hospitalini wakati uleule ambapo taaluma ya tiba ilikuwa ikijitengenezea mizani mpya ya kupimia dawa, na mizani hiyo ilidai jambo moja ambalo dawa hizi haziliwezi, nalo ni kujificha.

Mizani inayozungumzwa ni jaribio la kitabibu lenye ulinganisho. Wagonjwa hugawanywa katika makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja hupewa dawa, jingine hupewa plasebo, yaani kidonge kinachofanana na dawa kwa umbo na rangi lakini kisicho na dawa ndani, na si mgonjwa wala daktari anayemhudumia anayejua nani amepata nini mpaka matokeo yakamilike. Siri hiyo ina sababu yake: mgonjwa anayeamini kuwa ametibiwa mara nyingi hupata nafuu kwa imani hiyo peke yake, hasa katika maradhi ya nafsi, na daktari mwenye matumaini huiona nafuu kuwa kubwa kuliko ilivyo. Nchini Marekani sheria ya mwaka 1962 ilimtaka mtengenezaji athibitishe kwa majaribio ya namna hiyo kwamba dawa yake, pamoja na kuwa salama, inafanya kazi kweli. Sheria hiyo ilitokana na maafa ya thalidomidi, dawa ya kutuliza iliyosababisha maelfu ya watoto, hasa Ulaya, kuzaliwa na viungo visivyokamilika.

Mwaka huohuo, siku ya Ijumaa Kuu, daktari Walter Pahnke wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwakusanya wanafunzi 20 wa theolojia katika ukumbi wa chini wa kanisa la Marsh Chapel mjini Boston, huku ibada iliyokuwa ikiendeshwa juu yao ikiwafikia kwa vipaza sauti. Kumi kati yao walipewa silosibini. Kumi wengine walipewa asidi ya nikotiniki, aina ya vitamini inayoupasha uso joto, ili nao wahisi kitu na siri isivuje. Kwa dakika za mwanzo hila hiyo ilifaulu, kwa kuwa waliopashwa joto walidhani wao ndio waliobahatika. Lakini joto lilipopoa, na wenzao walipoanza kutembea huku na huku, kulala sakafuni na kusema maneno ya mshangao mbele ya Mungu, kila aliyekuwamo ukumbini alikwisha kujua yuko kundi gani. Jaribio lililopangwa kwa uangalifu mkubwa lilikuwa limefichuliwa na dawa yenyewe.

Huko Kanada tatizo hilo liligeuka mgogoro. Katika jimbo la Saskatchewan, Humphry Osmond, aliyelibuni neno saikedeliki kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya nafsi na kudhihirika, pamoja na mwenzake Abram Hoffer, waliwatibu walevi wa pombe kwa kipimo kimoja kikubwa cha LSD, wakiwaweka katika chumba cha starehe chenye muziki na msaidizi asiyebanduka kando yao, wakaripoti kwamba karibu nusu yao waliacha kunywa. Watafiti wa Toronto walitaka kujua kama kilichoponya ni LSD au ni upole ulioambatana nayo, kwa hiyo wakauondoa upole: wagonjwa walipewa LSD au efedrini, dawa inayochangamsha mwili, wakafungwa mikanda kitandani na kuhojiwa. Tofauti haikuonekana. Toronto ikahitimisha kwamba LSD haitibu ulevi. Saskatchewan ikajibu kwamba kumfunga mtu kitandani katika saa ambayo nafsi yake iko wazi kuliko wakati wowote si kuipima dawa bali ni kuiharibu. Hakuna upande ulioweza kuushinda mwingine, kwa sababu mmoja ulikuwa ukipima kemikali na mwingine ukipima tiba nzima. Miongo kadhaa baadaye, mwaka 2012, uchambuzi uliojumlisha majaribio sita ya zama zile, yenye washiriki 536, ulionyesha kwamba waliopata LSD walipunguza ulevi kuliko wenzao, lakini wakati huo ubishi ulikuwa umekwisha kukatwa na mkono mwingine.

Mkono huo ni sheria. Mwaka 1970 Marekani iliziingiza LSD na silosibini katika daraja la kwanza, linalohusu dawa zinazotumika vibaya na zisizo na matumizi ya tiba yanayokubalika, na mwaka 1971 mkataba wa Umoja wa Mataifa uliotiwa saini Vienna ulizieneza kanuni za namna hiyo duniani. Kesi ilifungwa kabla hukumu haijasomwa.

Ilipofunguliwa tena, mwanzo wake ulikuwa wa polepole. Mwaka 1998 Franz Vollenweider na wenzake mjini Zurich walionyesha kwamba maono yanayoletwa na silosibini huzuilika mtu akitangulia kupewa ketanserini, dawa inayoziba aina mojawapo ya vipokezi vya serotonini, yaani vitasa vilivyo juu ya seli za ubongo ambavyo kemikali hiyo ya mwili hufanya kazi yake kwa kuviingia kama ufunguo. Mwaka 2006 Roland Griffiths wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, alitangaza matokeo ya watu 36 wenye afya, ambao wengi wao waliihesabu siku ya silosibini kuwa miongoni mwa siku tano zenye maana kubwa kuliko zote maishani mwao. Mwaka 2016 chuo hicho na Chuo Kikuu cha New York viliripoti, kwa pamoja, nafuu kubwa ya wasiwasi na huzuni kwa wagonjwa wa saratani, 51 upande mmoja na 29 upande mwingine, nafuu iliyodumu kwa miezi katika wengi wao. Inafaa kuzingatia utaratibu uliotumika: mgonjwa huandaliwa kwa mazungumzo, kisha siku ya dawa hulala kwenye kochi akiwa amefunikwa macho na kusikilizishwa muziki, wasaidizi wawili wakiwa kando yake kutwa nzima, na siku zinazofuata hurudi kuyazungumza yaliyompata. Chumba cha Saskatchewan kilikuwa kimerudi.

Na tatizo la Boston lilirudi pamoja nacho. Katika Chuo cha Imperial mjini London, jaribio la mwaka 2021 liliwashindanisha wagonjwa 59 wa sonona, wengine wakipata silosibini mara mbili na wengine wakimeza kila siku esitalopramu, dawa ya kawaida ya ugonjwa huo. Baada ya wiki sita, kipimo kikuu hakikuonyesha tofauti ya uhakika kati yao. Mwaka 2022 jaribio la kampuni ya Compass Pathways, lenye wagonjwa 233 ambao dawa nyingine zilikuwa zimewashinda, lilijaribu kuificha silosibini nyuma ya silosibini, kwa kuwapa baadhi miligramu 25, wengine 10 na wengine 1 tu. Wiki ya tatu, asilimia 37 ya waliopata kipimo kikubwa walikuwa na nafuu ya kutosha, dhidi ya asilimia 18 ya waliopata kile kidogo. Hata hivyo, mtu aliyesubiri kwa miezi kuiona tiba inayosifiwa, kisha akakaa kutwa nzima kwenye kochi bila kuona lolote, anajua alichokosa, na kukata tamaa kwake huingia katika hesabu kana kwamba ni ushahidi wa ubora wa dawa aliyopewa mwenzake.

Hoja hii ilipata uzito wa kisheria mwaka 2024. Waliokuwa wakiijaribu MDMA, dawa iliyo jamaa ya karibu ya saikedeliki, walikuwa wamepeleka mbele ya mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani matokeo mazuri ya tiba ya kihoro cha kudumu kinachowapata watu waliopitia vita, ubakaji au ajali. Washauri wa mamlaka hiyo walipiga kura 9 kwa 2 kwamba ufanisi haujathibitishwa, na mwezi Agosti mamlaka ikakataa kuidhinisha na kudai jaribio jingine. Miongoni mwa sababu zilizojadiliwa ilikuwamo hii kwamba karibu washiriki wote waliopata dawa waliitambua. Nyingine ni mwenendo wa baadhi ya watoa tiba, kwa kuwa mtu aliye katika hali hiyo hawezi kujilinda dhidi ya msaidizi asiye mwaminifu. Ikumbukwe pia kwamba majaribio haya huwaondoa mapema wenye historia ya kuchanganyikiwa akili, ambao saikedeliki huweza kuwadhuru, na kwa hiyo matokeo yake hayamhusu anayezinywa kiholela mitaani.

Je, dawa ikifichwa kabisa, nini hutokea? Jaribio moja la Chuo Kikuu cha Stanford, lililochapishwa mwaka 2023, lilitumia ketamini, dawa inayojulikana sana katika vyumba vya upasuaji vya Afrika Mashariki kwa kumlaza mgonjwa, na ambayo kwa kipimo kidogo huleta hali inayokaribiana na ya saikedeliki na hupunguza sonona. Wagonjwa 40 wa sonona waliokuwa wakienda kufanyiwa upasuaji walipewa ketamini au maji ya chumvi wakiwa tayari wamelazwa kwa dawa nyingine, kiasi kwamba hakuna aliyeweza kuhisi lolote. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na hakuna lililolizidi jenzake. Wapo wanaosoma hapo kwamba nafuu ni zao la matumaini, na wapo wanaosoma kwamba ketamini haiponyi isipopitia katika fahamu iliyo macho. Jaribio lenyewe haliwezi kuwaamua, na huo ndio ubishi wa Toronto na Saskatchewan ukivaa kanzu mpya.

Nchi zimechagua njia tofauti za kuukabili. Australia iliruhusu kuanzia Julai 2023 madaktari maalumu wa magonjwa ya akili waandike silosibini na MDMA kwa wagonjwa wa aina fulani, huku Marekani ikiendelea kudai uthibitisho zaidi. Mwezi Juni 2025 Compass Pathways ilitangaza kwamba katika jaribio kubwa la hatua ya mwisho silosibini iliishinda plasebo kwa pointi 3.6 katika kipimo cha sonona chenye pointi 60, tofauti ndogo kuliko ile ya jaribio la 2022. Ushindi huo upo, lakini haujibu swali la ni kiasi gani cha pointi hizo ni cha kemikali, na kiasi gani ni cha kochi, muziki na watu wawili waliokaa kutwa na mgonjwa. Mamlaka ya dawa huidhinisha kidonge. Haina muhuri wa mazungumzo wala wa mtu anayeyaongoza. María Sabina hakuwahi kuutenga uyoga na usiku, nyimbo na watu wa nyumbani mwa mgonjwa, na sayansi iliyoutenga mwaka 1958 ili iupate kiini chake imejikuta, baada ya zaidi ya miaka 60, ikilazimika kuhesabu upya vitu ilivyoviacha nje ya chupa.

Sehemu ya tatu itahamia Gabon, kuutazama mzizi wa iboga katika jando na ibada za Bwiti, na safari ya kiini chake, ibogaini, kutoka huko hadi katika tiba ya waliotekwa na heroini.